Magugu na Nafaka katika Nchi ya Umatengo

Tangu mwanadamu alipoacha kuokota chakula porini akaanza kukipanda, hakupata kuwa peke yake shambani. Kila alipofukia punje moja ya nafaka, ardhi ilimwoteshea pamoja nayo majani mengine ambayo hakuyaalika. Majani hayo huyaita magugu. Jina hilo halitaji ukoo wa mmea, wala umbo lake, wala rangi ya ua lake. Hutaja tu kwamba mmea umeota mahali usipotakiwa. Mchicha ulio gugu katika shamba la mahindi huwa kitoweo ukifika jikoni, na mtama ulioota wenyewe katikati ya maharage hung'olewa bila kuhurumiwa. Kwa hiyo historia ya magugu si historia ya mimea peke yake. Ni historia ya watu pia, ya mikono waliyo nayo, na ya wakati walio nao wa kuinama. Wataalamu waliojifunza habari za magugu wakawasahau watu walijifunza nusu ya habari. Na pahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni nchi ya Umatengo, kusini-magharibi ya Tanzania.

Msafiri atokaye Songea kwenda Mbinga hupita Kitai kabla ya kuanza kupanda milima. Kitai ni njia panda. Barabara moja huendelea Mbinga, mji wa kahawa na wa Wamatengo. Nyingine hushika upande wa Ruanda na kuteremka mpaka Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, katika nchi iliyofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012 ikapewa jina la Nyasa. Nyuma yake, upande wa mashariki, iko nchi ya Wangoni. Hapo basi hukutana namna tatu za ardhi: milima yenye baridi, misitu ya miombo ya nchi ya chini, na pwani ya ziwa yenye joto. Kila namna ina magugu yake na ina njia yake ya kuyakabili. Lakini iliyopata sifa kupita zote ni ile ya milimani, nayo ilizaliwa katika dhiki.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia katika nchi hizi wakitoka kusini. Walikuwa watu wa vita, na jirani zao walilazimika kutii au kukimbia. Wamatengo wengi walikusanyika katika milima mikali ya upande wa Litembo, ambako adui hakufika kwa urahisi. Usalama waliupata, lakini waliulipia gharama. Watu walikuwa wengi, na ardhi ilikuwa chache na ya mteremko mkubwa. Mtu wa nchi tambarare yenye misitu mipana anaweza kufyeka, kuchoma moto, kupanda miaka michache, kisha magugu yakimshinda akahama na kufyeka kwingine. Watu wengi hudhani kwamba mkulima wa namna hiyo huhama kwa kuwa rutuba imekwisha. Mara nyingi huhama kwa kuwa magugu yameongezeka kuliko nguvu za jembe lake. Mmatengo wa mlimani hakuwa na pa kuhamia. Ilimpasa kukaa na magugu yake mwaka baada ya mwaka, kwenye mteremko ambao mvua moja kubwa ingeweza kuuchukua udongo wote na kuushusha bondeni.

Jawabu lake lilikuwa ngoro, ambayo katika kinywa cha wenyeji husikika pia kama ingolu. Kazi huanza mwishoni mwa mvua kubwa, yapata mwezi wa Machi, katika shamba lililopumzika. Wanaume hufyeka majani yote yaliyoota na kuyaacha chini yakauke kwa majuma kama mawili. Yakisha kukauka hukusanywa na kulazwa kwa mistari, mingine ikishuka mteremko na mingine ikiukata, hata shamba likagawanyika miraba kama wavu uliotandazwa ardhini. Upande mmoja wa mraba huweza kuwa na urefu wa meta moja na nusu au mbili. Hapo kazi huingia mikononi mwa wanawake. Mwanamke husimama ndani ya mraba, huchimba udongo wa katikati, na kuutupa juu ya mistari ya majani upande huu na huu. Maharage hupandwa juu ya tuta hilo. Kazi ikiisha, mlima mzima huonekana una vishimo visivyohesabika, kila kimoja kimezungukwa na tuta lenye majani yaliyozikwa tumboni.

Maharage huvunwa kiangazi kikianza, na mabaki yake hutupwa mashimoni. Shamba hukaa hivyo mpaka mvua za Novemba na Desemba, ndipo mahindi yapandwapo juu ya matuta yale yale, ambayo majani yake sasa yameoza. Magugu yanapoota kati ya mahindi hupaliliwa na kutupwa shimoni, yaoze huko pamoja na udongo uliosukumwa na maji. Mahindi yakisha kuvunwa, shamba hungoja mpaka Machi nyingine. Kisha ngoro hufanywa upya, na mashimo ya zamani hufukiwa. Duara hilo huchukua miaka miwili. Zamani ngano nayo ilikuwa katika mazao ya mashamba hayo, ingawa mahindi na maharage ndiyo yaliyobaki kuwa nguzo.

Mashimo huikamata mvua kabla haijapata mbio; maji hutulia, huzama, na udongo uliochukuliwa kutoka tuta moja hauendi mbali kuliko shimo lililo chini yake. Tuta hufanywa kwa udongo wa juu, ulio na rutuba, na huwekwa juu ya majani. Kwa hiyo mizizi ya mahindi hupata udongo mzuri mara mbili. Na magugu hupatikana na mauti yao yaliyo na faida, kwa kuwa mbegu nyingi ndogo zikizikwa chini sana haziwezi kuota, na majani yenyewe hurudisha ardhini kile yalichokitwaa. Mkulima achomaye majani hupata majivu na shamba safi kwa msimu, lakini sehemu kubwa ya chakula cha ardhi hupaa pamoja na moshi. Mmatengo aliona mapema kwamba gugu ni mali iliyoota bila kupandwa, na kwamba neno kubwa ni kujua mahali pa kuliweka.

Habari za kilimo hiki zilianza kuandikwa na wageni wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1938 A. H. Pike, mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records jinsi Wamatengo walivyouhifadhi udongo wao. Mwaka 1944 A. S. Stenhouse aliandika juu ya kilimo cha milima hiyo katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki. Zilikuwa siku ambazo mabwana shamba waliogopa sana mmomonyoko wa udongo, na katika wilaya nyingi walitoa amri juu ya amri ili wakulima wabadili desturi zao. Huku Umatengo walikuta kwamba mkulima alikwisha kulitatua jambo lile lile bila amri ya mtu.

Tofauti ilionekana wazi katika milima ya Uluguru. Huko, baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliwaamuru watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Matuta yalionekana mema kwa macho, lakini kazi ya kuyachimba iliufukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, na nafaka iliyopandwa humo ilidhoofu. Watu walichoka kufanya kazi isiyowapa chakula. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, ghadhabu yao ililipuka, damu ikamwagika, na mradi ukavunjika. Palikuwa na milima miwili, mvua nyingi kote kuwili, na nia ya kuhifadhi udongo ile ile. Lakini katika mmoja maarifa yalitoka kwa aliyeshika jembe, na katika mwingine yalitoka ofisini. Mtaalamu wa Uluguru hakuwa mjinga. Alijua mwendo wa maji. Hakuuliza tu ni mikono mingapi itakayochimba, wala mikono hiyo italipwa nini.

Kosa hilo la kutouliza habari za mikono liliingia pia katika elimu ya magugu yenyewe. Elimu hiyo ilisimama kwa miguu yake, ikawa na walimu na majarida yake, hasa baada ya mwaka 1945, ilipoanza kuuzwa dawa iitwayo 2,4-D, iwezayo kuua magugu yenye majani mapana bila kuyadhuru mahindi wala ngano. Kwa mkulima wa Marekani au Uingereza, ambaye vibarua walikuwa ghali na shamba lake kubwa, dawa hiyo ilikuwa ukombozi. Walakini iliwafundisha wanafunzi wengi kuliona gugu kuwa ni kitu cha kuuawa tu. Katika fikira hiyo ngoro haina mahali, maana haiui gugu ili kulitupa. Hulizika ili kulila.

Hata hivyo haifai kuisifu ngoro mpaka kusahau ni nani aliyeibeba. Kufyeka kulikuwa kazi ya mume kwa siku chache. Kuchimba, kupanda, kupalilia na kuvuna kulikuwa kwa mke kwa miezi mingi. Tena kahawa iliingia Umatengo katika miaka ya 1920, na polepole ikawa ndiyo fedha ya nyumba, kodi yake na ada yake ya shule. Kahawa ilikuwa ya wanaume. Harry W. Basehart, Mmarekani aliyechunguza maisha ya Wamatengo na kuchapisha makala juu yao mwaka 1972 na 1973, alionyesha jinsi wingi wa kazi shambani ulivyofungamana na mpango wa makao na wa nyumba zenyewe. Kwa maneno mengine, ngoro ilisimama juu ya udongo, na udongo ulisimama juu ya mgongo wa mwanamke. Mgongo huo ukichoka, au mwenyewe akipata kazi nyingine, au watoto wakienda shuleni wakati wa palizi, mashimo hayachimbwi tena vema. Na gugu halingoji. Mahindi hudhurika zaidi na magugu katika majuma ya mwanzo ya maisha yake. Palizi iliyochelewa majuma matatu hailipwi na palizi mbili za baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyeelemewa na kazi tano huuona ufa, na hana mkono wa kuuziba.

Zamu ya chuo kikuu ilifika baadaye. Chuo cha Kilimo cha Morogoro kilifunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1969 kikawa Kitivo cha Kilimo cha chuo kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kati ya mwaka 1994 na 1997 wataalamu wa chuo hicho na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa serikali ya Japani, walichunguza maisha na kilimo cha nchi za miombo, na Umatengo ulikuwa shule yao kubwa. Mwaka 1998 J. Itani alitangaza matokeo ya kuipima ngoro, na sifa walizoandika watu wa 1938 na 1944 kwa macho zikapata ushahidi wa vipimo. Toka mwaka 1999 mpaka 2004 ulifuata mradi wa pili, uliokuwa na makusudi ya kuyatumia maarifa hayo kwa maendeleo ya vijiji, Kindimba na Kitanda vikiwa miongoni mwao.

Jambo la kukumbukwa katika kazi hiyo ni namna walivyoingia. Hawakuanza kwa kufundisha. Walianza kwa kuuliza wenyeji wanaitaje ardhi yao. Waliambiwa habari za ntambo, yaani mlima uliozungukwa na vijito, ambao tangu kileleni mpaka bondeni ulikuwa shamba, malisho na makao ya ukoo mmoja. Waliambiwa pia habari za sengu, baraza la ukoo ambalo watu walikula pamoja na kushauriana pamoja. Wanakijiji wa Kindimba walipotaka mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, kamati iliyosimamia kazi hiyo ilichukua jina na roho ya sengu. Mtu aweza kuuliza mashine ya kusaga ina uhusiano gani na magugu. Uhusiano wake ni mkubwa. Saa ambazo mwanamke alizipoteza kwa kupeleka mahindi kinuni au kijiji cha mbali ni saa zilizoibiwa kutoka palizi. Mwanachuo aliyesaidia kujenga mashine ya kusaga huenda alipalilia mashamba mengi kuliko aliyeleta pipa la dawa.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakigeuka. Tangu miaka ya 1960 watu wa milimani, ambako ardhi ilikuwa imebanana, walianza kuteremka upande wa mashariki kwenye misitu ya nchi ya chini. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa iliachwa huru, na mkopo wa mbolea ambao wakulima waliupata kwa njia ya ushirika ukakauka. Mwenye shamba dogo lililochoka mlimani aliona heri afungue jipya bondeni au msituni. Lakini huko chini ardhi si ya mteremko mkali, mifugo hula majani ambayo yangezikwa, na kuchoma ni kwepesi. Wengi waliiacha ngoro juu mlimani pamoja na makaburi ya wazee wao.

Nchi za chini zenye joto zikichoka huwa na hatari ambayo Mmatengo wa mlimani hakuizoea. Liko gugu liitwalo kiduha, ambalo wenye elimu huliita Striga. Ua lake ni zuri, na mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja huzaa mbegu makumi ya maelfu, na mbegu hizo zaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Haziamki kwa mvua tu. Huamka zisikiapo, kana kwamba ni kwa sikio, dalili itokayo katika mzizi wa mahindi, mtama, uwele au mpunga wa nchi kavu. Kisha kimelea hujishika katika mzizi huo na kunyonya. Mpaka kichipuke juu ya ardhi na mkulima akione, madhara mengi yamekwisha kutendeka. Wamarekani waligundua mwaka 1956 kwamba kimeingia katika majimbo yao ya Carolina, wakatumia mali nyingi kukifukuza. Mwaka 1966 wanakemia waliipata dalili ile yenyewe, wakaiita strigoli.

Utafiti wa miaka iliyofuata ulieleza kwa nini mmea hutoa dalili inayomwita adui wake. Dalili hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kiduha. Mwaka 2005 ilidhihirika kwamba huwaita kuvu wema wa ardhini, ambao huusaidia mzizi kupata chakula. Mmea wenye njaa ya fosfati huita kwa nguvu zaidi, na kiduha husikia mwito usio wake. Basi kiduha ni gugu la ardhi yenye njaa. Mwenye kuilisha ardhi huupunguza ule mwito. Na maarifa ya maabara yakakutana na maarifa ya wale wanawake waliozika majani milimani, ingawa hawa hawakupata kuonana na wale.

Daraja kati ya pande hizo mbili lilikuwa limekwisha kupandwa mkoani Ruvuma. Huko Peramiho, ambako Wabenediktini walifungua misheni yao mwaka 1898, Padre Gerold Rupper alieneza katika miaka ya 1980 mmea wa jamii ya kunde uitwao marejea. Marejea humea upesi, huyafunika magugu kwa kivuli chake, huikamata naitrojeni ya hewani, na ukilimiwa ardhini huwa mbolea. Ni ngoro ya mtu asiye na mlima: majani yale yale yanazikwa, ila haya yamepandwa kwa makusudi. Wataalamu walioshughulika na kiduha katika mashamba ya mpunga ya Kyela, kwenye kichwa cha Ziwa hili hili la Nyasa, waliichukua marejea wakaipanda kwa zamu na mpunga. Mwaka 2007 Juma Kayeke, K. P. Sibuga, J. J. Msaky na A. M. Mbwaga walichapisha uchunguzi wao juu ya mbolea ya majani na mbolea ya chumvi katika kupambana na kiduha. Sibuga alifundisha elimu ya magugu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, mwanamke katika elimu ambayo vitabu vyake viliandikwa zaidi na wanaume, na ambayo kazi yake shambani hufanywa zaidi na wanawake. Mbwaga alifanya kazi yake katika kituo cha Ilonga, Kilosa. Mwaka 2002 mbegu mbili za mtama zinazostahimili kiduha, Hakika na Wahi, zilitolewa kwa wakulima wa Tanzania, asili yake ikiwa ni kazi ya Gebisa Ejeta, Mhabeshi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Purdue, ambaye alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009.

Ukiipima kazi yote hiyo, utaona kwamba mafanikio hayakufuata wingi wa elimu peke yake. Yalifuata mahali elimu ilipokubali kuhesabu kazi. Matuta ya Uluguru yalikuwa na elimu yakaanguka. Ngoro haikuwa na kitabu ikadumu zaidi ya karne moja, nayo ilianza kulegea pale tu mikono iliyoichimba ilipodaiwa mambo mengine. Marejea ina fadhila nyingi, lakini humtaka mkulima aiachie ardhi msimu ambao angevuna chakula. Mwenye ekari moja na watoto sita hawezi kuambiwa hivyo kwa wepesi. Mbegu ya Hakika ni njema kwa alimaye mtama, lakini mtu wa Mbinga hula mahindi. Dawa huokoa mgongo, lakini hununuliwa kwa fedha, na fedha ya nyumba mara nyingi haiko mkononi mwa apaliliaye. Hakuna moja katika hizo lisilo na bei, na swali la haki ni nani atakayeilipa.

Siku hizi magari hupita Kitai yakishuka na makaa ya mawe ya Ruanda, na kahawa ya Mbinga hupita hapo kwenda sokoni. Kando ya barabara, mvua zikianza, watu huonekana wameinama katika mahindi machanga kama walivyoinama babu zao na, zaidi, bibi zao. Juu ya milima bado yako mashimo yanayochimbwa kila Machi, na bado mengine yanaachwa. Mwanafunzi atakayetoka chuoni kwenda huko na daftari lake atakuta magugu mengi ya kuandika majina yake. Itamfaa aandike pia jina la kila mtu anayeyang'oa, na saa anayoanza, na saa anayomaliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na elimu ya magugu iko chini, karibu na ardhi, mahali ambapo mtu aliyesimama wima haoni kitu.